Duka la Kona: Safari ya Wanavijiji wa Gujarat kutoka Afrika Mashariki hadi London

Katika Ealing Road, barabara ya maduka iliyoko Wembley, kaskazini-magharibi mwa London, muhogo huuzwa kwa jina la mogo. Hukaangwa, hutiwa chumvi, pilipili na ndimu, na huliwa na watu ambao wengi wao nasaba zao ni za Gujarat, magharibi mwa Uhindi. Neno lenyewe hawakulitoa Gujarat. Walilitoa Mombasa, Kisumu, Kampala, Mwanza na Dar es Salaam, wakalibeba pamoja na jugu, kisu, fagio na sufuria, maneno ambayo Kigujarati cha Afrika Mashariki kiliyazoea hata kikayafanya yake. Lugha ilikuwa imetoa na kupokea. Duka ni neno lenye asili ya Kiarabu, na Kigujarati nacho kina dukan. Huelezwa kwamba sikio la Kiswahili lililisikia “dukani” kama neno lililokwisha kupewa kiambishi cha mahali, likakiondoa kiambishi hicho na kubakiza duka.

Historia ya duka hilo, lilivyotoka kijijini, likapita Afrika Mashariki na kufika London, husimuliwa kwa namna mbili zinazopingana. Huko Uingereza ni hadithi ya ushindi: wakimbizi waliofika mikono mitupu, wakafanya kazi usiku na mchana, wakatajirika. Huku Afrika Mashariki ni hadithi ya unyonyaji: Mhindi wa duka aliyewafungia Waafrika mlango wa biashara. Kila hadithi ina ukweli wake, na kila moja ina jambo inaloliacha nje. Yote mawili yanaliona duka kama tabia ya kabila fulani, ilhali ukifuatilia mambo kwa utaratibu unakuta kwamba mara nyingi mhamiaji alijiajiri pale ambapo sheria au ubaguzi ulikuwa umemfungia njia nyingine.

Wahamiaji hawa hawakuwa wote wafanyabiashara tangu enzi. Walohana, Wabhatia, Makhoja na Mabohora walikuwa na mila ndefu ya biashara ya Bahari ya Hindi, na Unguja iliwajua kabla ya ukoloni wa Mzungu. Lakini Mapatidar, ambao jina lao la ukoo, Patel, limekuwa kama nembo ya duka la kona nchini Uingereza, walikuwa wakulima wa Charotar, bonde lenye rutuba katika wilaya ya Kheda. Maoshwal waliojaa Nairobi na Mombasa walitoka katika vijiji vya mkulima mdogo kandokando ya Jamnagar. Ardhi ya Charotar iligawanywa kwa warithi kizazi baada ya kizazi mpaka kipande cha mtu kikawa hakitoshi kulisha nyumba. Njaa kuu ya 1899 na 1900, ambayo Wagujarati waliiita Chhappaniyo kwa kuwa iliangukia mwaka wa 56 wa kalenda yao, ikawasukuma wengi baharini. Kijana aliyepanda jahazi au meli kwenda Mombasa hakuwa akiacha duka. Alikuwa akiacha jembe.

Hapa pana kosa moja linalorudiwa mara nyingi. Watu husema kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa vibarua wa reli ya Uganda. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kati ya 1896 na 1901, wengi wao kutoka Punjab, na waliobaki baada ya kazi kwisha hawakufikia 7,000. Walio wengi miongoni mwa wenye maduka walikuja kwa nauli zao, wakiitwa na ndugu aliyetangulia.

Kwa nini mkulima huyo hakulima alikofika? Jibu limo katika sheria. Katika nyanda za juu za Kenya ardhi ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu, na Waraka wa Devonshire wa 1923, ingawa ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulizwa, uliacha mpaka huo ulivyo. Utumishi wa juu serikalini nao ulikuwa wa Wazungu. Nafasi iliyobaki katikati, juu ya Mwafrika na chini ya Mzungu, ilikuwa ukarani, ufundi na duka. Mwafrika naye aliwekewa kizuizi chake: sheria za kikoloni zilibana mikopo ambayo angeweza kupewa kwa biashara, kwa hoja kwamba alindwe asitumbukie katika madeni. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtu mmoja alinyimwa shamba, mwingine akanyimwa mtaji, kisha wote wawili wakaambiwa kwamba hali hiyo inatokana na maumbile yao.

Duka lenyewe liliendeshwa kwa mali kauli. Mwenye ghala wa Mombasa au Unguja alimpa mzigo mwenye duka la mji mdogo, naye akamgawia kijana wa ukoo wake aliyefungua kibanda cha mabati ndani kabisa, na malipo yakapanda ngazi ileile baada ya msimu wa mavuno. Alidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo akiwa kijana, aliutumia utaratibu huo kueneza matawi yake hadi Uganda kabla ya kufariki 1916, na shule inayobeba jina lake ingali Mombasa. Utaratibu huu ulikuwa na nguvu kwa sababu dhamana yake ilikuwa jina la familia. Na hapohapo ndipo palipokuwa na dosari yake, kwa maana mtu asiye wa ukoo hakuweza kuingia ndani ya mnyororo huo, hata angekuwa mwaminifu namna gani. Mwafrika aliingia dukani kama mteja, mpagazi au fundi cherehani wa barazani. Aliijua kaunta kwa upande mmoja tu.

Kwa hiyo hasira ilipolipuka haikuwa ya ghafla. Mwaka 1959 vuguvugu la Uganda National Movement likiongozwa na Augustine Kamya lilitangaza mgomo dhidi ya maduka ya Waasia huko Buganda, na wenye maduka wengi wa vijijini wakalazimika kuyafunga. Baada ya uhuru, serikali zilichukua hatua zilizotofautiana kwa sura lakini zilizogusa watu walewale. Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara mwaka 1967, ikiwazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara katika maeneo fulani. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha, ilitaifisha mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria hiyo haikutaja asili ya mtu yeyote, ila Waasia ndio waliokuwa na majengo mengi ya aina hiyo. Nchini Uganda, Idi Amin alitangaza Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90. Tangazo lake halikutofautisha mkopeshaji katili na mwalimu wa shule ya msingi, wala tajiri wa sukari na karani wa posta.

Wengi wa watu hawa walikuwa na pasi za Uingereza, na pasi hizo zilikuwa ahadi iliyotolewa wakati wa uhuru. Ahadi hiyo ilivunjwa mapema. Waasia wa Kenya walipoanza kuwasili kwa wingi, bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola kwa muda wa siku tatu tu, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Raia mwenye pasi ya Uingereza asiyekuwa na mzazi wala babu aliyezaliwa huko hakuweza tena kuingia kwa haki yake. Alisubiri hati maalumu, na hati zilizopangwa zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba ubaguzi wa rangi uliokuwamo katika utaratibu huo ulifikia kiwango cha kuwadhalilisha watu.

Waliotoka Uganda na kupokewa Uingereza mwaka 1972 walikuwa takriban 28,000. Waliruhusiwa kutoka na fedha kidogo mno, pauni 50 hivi kwa familia. Bodi iliyoundwa kuwapokea iliwaweka wengi katika kambi, nyingi zikiwa za kijeshi, na kuwashauri wasiende katika maeneo iliyoyapaka rangi nyekundu kwenye ramani, yaani yale yaliyokuwa tayari na watu wa asili yao. Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala na kupitia kambi ya Kensington katikati ya London, alichapisha mwaka uliofuata kitabu kuhusu jinsi mtu aliyeondoka kwao akiwa raia alivyogeuzwa kuwa mkimbizi wa kuamuliwa mambo. Walio wengi hawakusikiliza ushauri wa ramani. Walikwenda Leicester, na katika London walikwenda Wembley, Harrow, Southall na Tooting, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mtu wa kijiji kimoja.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. London ya wakati huo ilimpa mgeni jembe la kulimia shamba la mwingine. Walimu, mahasibu na makarani wakuu walikuta vyeti vyao vya Nairobi na Makerere vikipimwa kwa jicho la shaka, wakaajiriwa viwandani, katika mabasi na katika majiko ya uwanja wa ndege wa Heathrow. Sheria ya kwanza ya mahusiano ya mbari, ya 1965, ilihusu sehemu za umma tu. Ajira na makazi viliingizwa mwaka 1968, na hata baada ya hapo kilichoandikwa katika sheria na kilichotendeka mlangoni kwa mwenye nyumba vilikuwa vitu viwili.

Duka la kona lilijibu matatizo mawili kwa mkupuo mmoja. Lilikuwa na chumba cha biashara chini na nyumba ya kuishi juu, hivyo aliyelipata hakumwomba mtu kazi wala chumba. Na lilipatikana kwa bei ya chini kwa sababu Waingereza walikuwa wakilikimbia. Tangu 1964 sheria iliyowawezesha watengenezaji kupanga bei moja ya rejareja ilipoondolewa kwa bidhaa nyingi, maduka makubwa yaliuza kwa bei ambayo mwenye duka dogo hakuiweza. Wamiliki wazee walichoka, na watoto wao hawakutaka kurithi. Mhamiaji alinunua biashara iliyokuwa inakufa, na aliihuisha kwa kitu kimoja ambacho duka kubwa halikuwa nacho, yaani saa. Sheria ya maduka ya 1950 ilibana ufunguzi wa jioni na wa Jumapili, lakini iliacha mianya kwa bidhaa kama magazeti, sigara na maziwa. Familia iliyoamka kabla ya alfajiri kupanga magazeti na kufunga usiku mwingi iliishi ndani ya mianya hiyo. Mwaka 1994 sheria mpya iliporuhusu biashara ya Jumapili, maduka makubwa yalipewa saa sita na madogo yakaachwa huru, lakini ile faida ya zamani ilikuwa imepungua.

Saa hizo zilikuwa za nani? Hapa ndipo hadithi ya ushindi inapopunguza sauti. Hesabu ya duka la familia haikuwa na safu ya mshahara wa mke, wala wa binti aliyefanya kazi ya shule nyuma ya kaunta, wala wa bibi aliyekunja sambusa za kuuza. Mtaji ulikuwa akiba ya ukoo, na kazi ilikuwa ya ukoo pia. Aliyeitwa mwenye kujiajiri alikuwa mtu mmoja katika karatasi za kodi na watu watano katika maisha.

Wanawake ambao familia zao hazikuwa na duka, au ambazo duka lao halikutosha, waliingia viwandani. Miongoni mwao alikuwa Jayaben Desai, mzaliwa wa Dharmaj, mojawapo ya vijiji vikuu vya Charotar, aliyeishi Tanganyika kabla ya kuhamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Agosti 1976 aliacha kazi katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, huko Willesden, akipinga ujira mdogo, kulazimishwa kufanya kazi ya ziada na kudharauliwa. Wenzake waliomfuata wengi wao walikuwa wanawake wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki. Posta ilikuwa mshipa wa kiwanda hicho, kwa kuwa wateja walituma filamu kwa barua. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kushughulikia mifuko yake. Katika kiangazi cha 1977 maelfu ya wafanyakazi walifika kuwaunga mkono, wakiwamo wachimba migodi wa Yorkshire. Tume ya Jaji Scarman ilipendekeza warudishwe kazini, mwajiri akakataa, na Julai 1978 mgomo ukaisha bila madai yao kutimizwa.

Mgomo huo ulishindwa kiwandani, lakini uliwaingiza wahusika wake mjini kwa namna ambayo duka halikuweza. Nyuma ya kaunta mhamiaji alimjua jirani yake kwa sigara aliyovuta na gazeti alilosoma. Nje ya lango la Grunwick alimjua kama mtu aliyesimama naye kwenye mvua kwa sababu moja. Baadaye Desai alifundisha ushonaji chuoni Harrow. Alipofariki mwaka 2010 alikuwa ameshaingia katika historia ya wafanyakazi wa Uingereza, na si katika historia ya Waasia peke yao.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kusema kwamba duka halikuunganisha watu. Duka la kona lilikuwa mahali ambapo mjane wa Kiingereza alikopeshwa mkate hadi siku ya pensheni, na mtoto wa Kijamaika alitumwa kununua unga wa ndizi uliokosekana penginepo. Lilikuwa pia mahali pa kutukanwa, kuvunjiwa kioo na kuandikiwa matusi ukutani, hasa katika miaka ya 1970, wakati chama cha National Front kilipoandamana katika mitaa ya wahamiaji. Biashara haigombi, walisema wazee, na mwenye duka aliosha ukuta akafungua. Subira hiyo ilisifiwa baadaye kama tabia njema ya wahamiaji wa mfano. Wachache waliuliza iligharimu nini.

Kwa fedha za maduka hayo zilijengwa pia taasisi. Hekalu la Swaminarayan la Neasden, lililofunguliwa 1995, ndilo linalojulikana zaidi. Jengo hilo la marumaru na mawe ya chokaa lililochongwa Uhindi na kuunganishwa London linatazamwa na watalii kama kipande cha Uhindi. Ukweli ni kwamba ni kazi ya Afrika Mashariki pia, kwa maana waumini waliojitolea fedha na nguvu zao wengi walikuwa wamezoeana Nairobi, Mombasa na Kampala kabla ya kukutana tena Brent.

Baadhi ya wenye maduka walipanda ngazi moja zaidi, wakachukua wakala wa ofisi ndogo ya posta, kazi iliyoleta heshima ya dola ndani ya duka. Tangu 1999 hesabu za ofisi hizo ziliingizwa katika mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo ulipoonyesha upungufu, mkataba ulimtaka mwenye ofisi aulipe. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi au hesabu za uongo kwa ushahidi wa mfumo huo. Wengi walikuwa Waingereza weupe, na wengi walikuwa wenye asili ya Asia, pamoja na familia zilizopitia Afrika Mashariki. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge likafuta hukumu kwa sheria. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na msemo wao: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unachukulia kwamba daftari liko mkononi mwa mwenye mali. Hawa walijiajiri kwa jina, lakini daftari lilishikwa na mwingine, wala hawakuruhusiwa kulifungua.

Kisa hicho ni muhimu zaidi ya posta yenyewe, kwani kinafafanua maana ya kujiajiri mjini leo. Vijana wa Kisomali, wa Kikongo na wa Kiganda wanaoendesha teksi za programu za simu London wameelezwa kwa miaka mingi kuwa ni wenye biashara zao. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika shauri la madereva wa Uber, kwamba walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, kwa sababu bei, njia na nidhamu vilipangwa na kampuni. Kigezo kilichotumika ni kilekile ambacho mkulima wa Charotar angekielewa: ni nani anayeamua?

Watoto wa wenye maduka wameuza maduka mengi. Wamekuwa wafamasia, mawakili, mahasibu na wanasiasa, na wanunuzi wa maduka hayo sasa ni Watamil wa Sri Lanka, Waafghani na Wakurdi, ambao nao vyeti vyao vimepimwa kwa shaka ileile. Jambo hili lingetosha kuizika dhana ya kwamba duka liko katika damu ya watu fulani. Kizazi kimoja tu kilichofunguliwa milango mingine kiliacha kaunta bila kuaga.

Kwa msomaji wa Kiswahili, somo halimaliziki London. Miji ya Afrika Mashariki imejaa wanavijiji waliojiajiri: machinga wa Kariakoo, mama lishe, bodaboda, wauza mitumba wa Gikomba. Nao husifiwa asubuhi kwa ujasiri wao na kufukuzwa jioni na askari wa jiji. Serikali zilizowahi kulilaumu duka la Mhindi kwa kuwafungia watu mlango zina deni la kueleza mlango upi zimewafungulia hawa: eneo la kudumu, mkopo usiohitaji hati ya nyumba, leseni isiyobadilika kila msimu. Bila hayo, ukuta wa kaunta utabaki pale pale, na watakaosimama kila upande wake watabadilika majina tu.